Programu Iliyoacha Kusalimia

Niliwahi kuamini kwamba kompyuta inasoma programu kwa kutamka herufi moja moja, kama mtu wa kisomo cha watu wazima anavyosoma tangazo la mkutano, na kwamba ukiipa majina marefu inaishiwa pumzi. Na sikuamini kidogo. Niliamini kama ninavyoamini kwamba Mbeya mwezi wa saba kuna baridi. Aliyeniambia ni jamaa aliyekuwa anakaa nyuma yangu kwenye masomo ya jioni, fundi redio, mwenye sauti nzito inayoweza kukuaminisha kwamba wewe si mtoto wa mama yako. Alisema kila neno unaloandika linaipunguzia mashine maisha, ndiyo maana wataalamu wa ng'ambo wanaandika herufi tu, a, b, k, wanatunza afya ya mitambo yao.

Logi, akasema, ndiyo mbaya kupita zote. Logi ni zile sentensi ambazo programu inajiandikia yenyewe pembeni kueleza imefanya nini na kwa nini. Fundi redio alisema mashine inayoandika logi nyingi inachoka, inapata joto, na mwisho inakufa ikiwa imekaa, mezani, mbele ya watu. Nilipomuuliza hizo sentensi zinaandikwa wapi, aliniangalia kwa huruma akasema kwenye karatasi, sasa mimi nilidhani miti yote ile inayokatwa kupelekwa kiwanda cha karatasi cha Mgololo ni ya kutengenezea nini. Darasa zima likaguna kwa kuelimika. Tulikuwa watu wazima tumekaa kwenye madawati ya watoto wa darasa la pili, magoti yakiwa usawa wa masikio, na kwa mkao ule unaamini chochote.

Nikahitimu. Joho la kukodi lilinifika magotini, lakini cheti kilikuwa changu halali, na kwa cheti hicho nikapata kazi ya kuandika programu katika ofisi moja Iyunga, chumba kimoja juu ya duka la pembejeo. Malori ya kwenda Tunduma yakipita barabara kuu, kompyuta zilikuwa zinasogea zenyewe mezani. Ukienda chooni unarudi unakuta yako imehamia kwa mwenzako. Kiongozi wetu wa kazi alikuwa dada mmoja wa Kihehe aliyekuwa akikaa Iringa na kutusimamia kwa simu. Akifurahi alikuwa ananiita mdogo wangu. Akikasirika, msomi wa jioni. Kwa wastani nilikuwa msomi wa jioni.

Kazi yangu ya kwanza kubwa ilikuwa programu ya kituo cha kukusanyia maziwa, pale pale jirani. Wafugaji wa Ilomba na wa milimani walikuwa wanaleta maziwa asubuhi, yanapimwa, mazuri yanaingia kwenye tangi la baridi, mabaya yanarudi nyumbani na mwenyewe. Zamani aliyekuwa anaamua ni mpimaji peke yake, kwa macho na pua, na watu wakalalamika kwamba pua yake inawajua ndugu wa mke wake. Kwa hiyo kituo kikaamua kununua mashine isiyo na mashemeji. Mpimaji anatumbukiza kwenye ndoo kipimajoto chenye waya, waya unakwenda kwenye kompyuta, na programu yangu inasema imekubaliwa au imekataliwa. Maziwa yaliyopata moto kupita kiasi yanakataliwa, maana yakiingia tangini yanachachisha ya wenzake. Na sheria ya kituo ilikuwa kali: neno la mashine habishani nalo mtu, na mfugaji akikataliwa mara tatu mfululizo anasimamishwa msimu mzima.

Sasa, mimi nimelelewa Rungwe. Kwetu huwezi kufika kwa mtu ukasema nimekuja kuazima jembe. Unauliza ameamkaje, watoto wameamkaje, ng'ombe, migomba, mvua, yule jirani mwenye mguu, na ukilifikia jembe jua limeshahama upande. Logi zangu nikaziandika hivyo hivyo, kwa sababu ndiyo namna pekee ninayojua ya kuanza kusema jambo. Ikija ndoo, programu ilikuwa inaandika kwanza kwamba tangi linaendelea vizuri, umeme upo, kipimajoto hakijambo, ndoo zilizotangulia leo ni hizi na wenyewe ni hawa na nyumbani kwao ni huku, ndipo inasema, basi, ndoo ya mama fulani imefika. Na haikuwa inasema uongo. Ili iseme tangi halijambo ilikuwa inakwenda kuliuliza tangi. Ili itaje waliotangulia ilikuwa inakwenda kuwatafuta wote tangu asubuhi, mmoja mmoja. Majina niliyoyatumia ndani yake yalikuwa marefu kama treni ya mizigo, kiasi kwamba ukisoma programu yangu kwa sauti ulikuwa unapata hadithi.

Mwanzoni ilipendeza. Dada wa Iringa alifungua akacheka mpaka simu ikakatika, akasema salamu ya kamwene ya Kihehe ni ndefu lakini hii yako inahitaji kiti. Akaniambia nipunguze. Nikasema nitapunguza, nisipunguze.

Wafugaji wakaongezeka, na kila aliyeongezeka ilibidi asalimiwe. Ndoo ya kwanza asubuhi ilikuwa inapita upesi, ya kumi inasita, na ukifika katikati ya foleni mpimaji ameshika waya mkononi kama mvuvi asiye na bahati, anaingoja mashine imalize kuulizia hali za watu. Foleni ilitoka kwenye geti, ikashika ukingo wa barabara kuu. Kwa hesabu yangu mimi ilikuwa inakaribia Songwe. Msimamizi wa kituo, mzee wa Kisafwa mpole sana, alipanda ngazi hadi ofisini kwetu, akakataa kiti, akakataa chai.

"Kijana," akasema, "maziwa hayajui kompyuta. Yanachacha tu."

Akashuka. Mimi nikabaki nimekaa, na sauti ya fundi redio ikanijia kama mahubiri. Mashine yangu ilikuwa inakufa kwa kuongea. Siku hiyo hiyo nikachukua wembe. Nikafuta logi zote, salamu yote kuanzia tangi mpaka nyumbani kwa mama fulani, nisibakize hata koma. Kisha nikayageukia majina. Joto la maziwa likawa k. Ndoo ikawa n. Kilichokuwa kinaitwa maziwa yaliyopokelewa asubuhi kabla ya kuingia tangini kikawa q, kwa sababu q ilikuwa haina kazi. Maelezo niliyokuwa nimeandika kwa Kiswahili fasaha kueleza kila sehemu inafanya nini, nikayatupa nayo, mashine ipumue.

Asubuhi iliyofuata, bwana, ilikuwa kama nimeifunga programu kwenye pikipiki. Mpimaji anatumbukiza, jibu hili hapa, hajafuta hata jasho. Foleni ilikwisha watu wakiwa hawajamaliza hata kutaniana, wakarudi nyumbani na hamu ya maongezi. Msimamizi alinipigia simu kunishukuru na nikasikia ng'ombe akilia nyuma yake, nikalihesabu hilo kama pongezi pia. Nikamtumia dada wa Iringa ujumbe wa sauti mrefu nikimweleza siri ya herufi moja. Alikuwa amezidiwa na kazi ya wateja wengine huko kwao, akajibu hongera, ataangalia akipata nafasi. Ofisi nzima nikaihubiria. Kijana mwenzangu wa meza ya pili alinisikiliza akafupisha programu ya hospitali ya mifugo mpaka hakukuwa na njia ya kujua kama inatibu mbuzi au inauza mbuzi.

Nilitamba wiki nzima. Kisha akaja mama wa Ilomba.

Alikuwa mama wa makamo, kiongozi wa akina mama kanisani kwake, mtu wa suti ya kitenge iliyopigwa pasi hata mgongoni. Nilimwamkia shikamoo akaitikia marahaba mwanangu, akakaa, akaweka mkoba magotini akaushika kwa mikono miwili. Akaeleza kwamba jana maziwa yake yalikataliwa, na leo asubuhi yakakataliwa tena. Mpimaji mwenyewe alishika ndoo yake ikawa ya baridi kama mkono wa marehemu, maana yeye huyapoza kwenye beseni la maji ya bomba, na maji ya bomba ya Ilomba alfajiri unayajua. Lakini mashine imesema imekataliwa, na neno la mashine halibishaniwi. Haikusema kwa nini. Neno moja tu jekundu.

Sasa watu walikuwa wameanza kusema. Hawakusema wazi, walikuwa wanasema kwa kunyamaza anapopita. Maziwa yakikataliwa bila sababu kutajwa, sababu inayotajwa mtaani ni moja: ametia maji. Na kesho ndiyo ilikuwa mara ya tatu.

"Mwanangu, mimi sikuja kubembeleza maziwa yangu yapokelewe," akasema. "Wanisimamishe kama nimekosa. Nataka kujua nimekosa nini. Kanisani watu wananikabidhi vitu vyao."

Nikamwambia mama usijali, hilo ni dogo, nafungua sasa hivi hapa. Nikafungua. Nikakutana na programu yangu mwenyewe kama mtu aliyekutana na mkwewe mlangoni mwa baa. Ilikuwa imeandikwa kwamba kama k imezidi p, na q haipo, basi n iwe sifuri. Nikaisoma tena kwa sauti ya ndani. K ni nani? P alizaliwa lini? Nikatafuta logi nione jana programu ilijiambia nini ilipomkataa, na logi nilikuwa nimezichinja zote. Ukurasa mweupe. Nilisogeza kipanya juu na chini kwa uso wa daktari, nikiguna guna, na mama yule alikuwa ananiangalia kwa imani ambayo sijawahi kuangaliwa nayo tena, hata na mke wangu.

Nikatoka kibarazani nikampigia dada wa Iringa. Nilimweleza kila kitu kasoro zile herufi. Akauliza logi zinasema nini. Nikasema hakuna logi. Lori likapita. Akauliza basi programu inasema nini. Nikamsomea. Nilipofika kwenye q akasema niache, nisiguse kitu, anapanda basi la mchana.

Alifika jioni akiwa na kikapu cha ulanzi, pombe ya mianzi, kwenye chupa, zawadi ya bosi wetu wa ofisi, na hakunipa hata mkono. Mama wa Ilomba tulikuwa tumemwomba arudi, akarudi. Dada alimsalimia kwanza yeye, salamu ya kwao ya Iringa kwa Kiswahili, haikosi hata kuku, ndipo akakaa mbele ya kompyuta. Akasoma. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akasoma tena.

"Msomi wa jioni," akasema bila kugeuka, "haya ni mafumbo ya mtu na mchumba wake?"

Nikamweleza nadharia ya herufi na pumzi. Akafungua nakala ya zamani, ile ya salamu, ambayo kwa bahati alikuwa ameihifadhi kwake Iringa, alisema ni kwa ajili ya kuwachekesha wageni. Akaziweka mbili pembeni kwa pembeni, ya salamu na ya wembe, akaanza kufuata kwa kidole. Kidole kikasimama kwenye sentensi yangu ya kipimajoto hakijambo.

Pale ndipo palipokuwa na jambo. Nilipokuwa nimeiandika salamu ile, ili programu iseme kipimajoto hakijambo, ilibidi ikiulize, na mimi kwa kubana kazi nilifanya kule kuuliza ndiyo iwe kupima kwenyewe. Yaani joto la ndoo lilikuwa linasomwa ndani ya salamu. Ndivyo tunavyoishi kwetu, jambo lenyewe linapita katikati ya habari za migomba, na mgeni asiyesikiliza salamu hajui kwamba ameshaombwa jembe. Nilipofuta salamu, nikafuta na kupima kule kwa mwanzo, kukabaki kule kwa mwisho tu, kwa ajili ya kumbukumbu. Programu ikawa inaamua kwa joto lililobaki kichwani mwake kutoka kwenye ndoo iliyotangulia, halafu ndoo mpya inakuja kupimwa mwishoni kabisa, wakati wa kuhifadhi, hukumu ikiwa imeshatolewa. Kila mfugaji alikuwa anahukumiwa kwa maziwa ya mtu wa mbele yake.

Dada akamgeukia mama. Akamwuliza kwa upole asubuhi foleni inakuwaje, nani anamtangulia.

Mama akatazama mkoba wake. Akasema siku hizi anayemtangulia ni baba mkwe. Mzee aliongeza ng'ombe hivi karibuni naye akaanza kuleta pale. Na kwa desturi yao mke wa mtoto hampiti baba mkwe mbele, wala hasogeleani naye, kwa hiyo akimwona anasubiri pembeni hadi mzee amalize na aondoke, ndipo anaweka ndoo yake. Kila siku ni hivyo. Hata wawe wamefika watu wengine, wanajua, wanamwachia nafasi yake nyuma ya mzee.

"Na maziwa ya mzee yanafikaje kituoni?" dada akauliza.

"Kwa bodaboda," mama akasema. Akasita. "Ndoo wanaifunga kule chini. Kwenye ekzosi."

Mimi nilicheka, nikawa peke yangu. Mama alikuwa ameshaelewa, na kilichomjia usoni hakikuwa furaha. Jina lake lingesafishwa kwa kumchafua mzee ambaye haruhusiwi hata kumtazama. Akasema basi kama ni hivyo tumwache mzee, asimamishwe yeye tu, msimu utapita. Aliinuka kabisa na mkoba wake. Dada akamshika mkono akamkalisha. Akamwambia hakuna mtu atakayetangaza habari za mtu mwingine. Mashine itamwambia kila mwenye ndoo sababu ya ndoo yake, imwambie yeye, basi. Ndoo yenye moto si mtu mwenye kosa.

Wakati tunaongea alikuwa ameshaanza kuandika. Alirudisha majina yenye maana, si treni zangu za mizigo, maneno mawili matatu ya kueleweka. Kupima akakutoa kwenye salamu akakuweka mahali pake, mstari wake, jina lake kupima joto. Na logi akaandika moja. Niliona sentensi ile nikaanza kutoka jasho. Nikamwomba afikirie mashine. Akaniomba nikalete chai.

Asubuhi tulikuwa kituoni, baridi ile ya Iyunga ambayo pumzi yako inakutangulia kazini. Foleni ilikuwa fupi, na watu walikuwa kimya kuliko kawaida, maana habari ya mara ya tatu ilikuwa imewafikia wote. Mama alisimama pembeni ya ukuta, ndoo yake miguuni, uso ameuelekeza barabarani. Mzee alifika na bodaboda yake, akafungua kamba, akaweka ndoo mezani. Mpimaji akatumbukiza waya. Kwenye skrini kukaja maneno: imekataliwa, joto la ndoo hii limezidi kiwango, ipozwe kabla ya kuletwa.

Mzee aliomba asomewe. Akasomewa. Akaigusa ndoo yake, akautoa mkono haraka, akageuka kumtazama yule dereva wa bodaboda kwa muda mrefu.

"Nilikwambia uifunge juu," akasema.

Dereva akajibu kwamba juu kulikuwa kumekaa yeye mzee. Foleni ikacheka, mzee mwenyewe akacheka akikohoa, akachukua ndoo yake, akaondoka bila kuangalia upande wa ukuta, kama desturi inavyotaka. Ndipo mama akasogea. Waya ukaingia. Imekubaliwa, joto la ndoo hii ni zuri. Mpimaji, ambaye hakuambiwa na mtu, akaisoma kwa sauti ya kusikika mpaka getini, akamimina maziwa tangini taratibu, wote wayaone yanavyoshuka meupe na mazito. Mwanamke mmoja wa nyuma akasema ndaga, asante ya Kinyakyusa, kana kwamba ni yeye aliyepokelewa. Mama alijifunga upya kitenge ambacho hakikuwa kimelegea, akabeba ndoo tupu, akatupungia sisi wawili, akashika njia ya Ilomba.

Mimi macho yalikuwa kwenye kompyuta. Ndoo zilikuwa zinapita upesi kama siku za wembe, moja baada ya nyingine, na kwa kila ndoo sentensi nzima ya Kiswahili ilikuwa inaandikwa kwenye logi, na majina yote yalikuwa marefu, na mashine haikupata joto. Niliiwekea kiganja juu kama mtu anayepima homa ya mtoto. Nikamnong'oneza dada kwamba hii itakufa mchana, pumzi itaisha, tuwe tayari.

Dada alikuwa anakunywa chai ya kituo, kikombe kwa mikono miwili. Aliniangalia kuanzia viatu.

"Mdogo wangu," akasema, "kompyuta haisomi hayo majina. Programu ikishatafsiriwa kwa lugha ya mashine hayapo tena, uandike k au uandike ukoo wako wote, kwake ni kitu kimoja. Majina ni ya mtu atakayefungua baada yako. Na sentensi moja ya logi haikuwahi kuichelewesha. Kilichoichelewesha ni wewe kuituma ikaulize hali ya kituo kizima kwa kila ndoo."